Beseni Chini ya Kitanda

Refa aliingizwa kituo cha polisi asubuhi akiwa juu ya kiti cha plastiki. Binti yake alishika miguu miwili ya kiti, mkwe wake akashika miwili, na kabla hawajamtua sawasawa alikuwa ameshaanza ugomvi.

"Mwenye zamu ni nani hapa? Wewe? Mbona unaniangalia kama umeona maiti? Maiti haisemi, bwana. Niitie huyo mnayemwita Mwiba."

Askari wa kaunta alizoea walevi na wezi wa kuku. Hakuzoea mzee aliyekonda hadi kola ya shati inamzunguka shingoni kama kamba ya mbuzi. Akainua simu.

Mwiba akatoka ofisini na jalada kwapani. Alikuwa mwanamke mwenye cheo cha inspekta, lakini wenzake walimpa jina hilo kwa sababu akishaingia kwenye jambo hatoki mpaka achokonolewe.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kaa chini. Shingo yangu haina nguvu ya kukutazama huko juu."

Mwiba akakaa kwenye benchi. Refa akamfungulia kiganja. Kilikuwa cheupe, mistari yake imefutika kama ubao wa shule siku ya kufunga.

"Nilichezesha mpira miaka mingi," alisema. "Nimetukanwa na uwanja mzima na sikuwahi kukimbia. Sasa nina saratani ya tumbo, na saratani yangu ina kiu, inakunywa damu kila siku. Nesi huja nyumbani, ananitundikia chupa, nakuwa mtu tena kwa siku kadhaa. Leo ni zamu yangu. Na nesi wangu mmemfungia."

"Anatuhumiwa kuua, mzee."

"Najua anachotuhumiwa. Mtaa mzima unajua."

"Hospitali watakuwekea damu."

"Watanitia kwenye gari, waniweke foleni, kisha kitanda cha korido, na mlango unafunguliwa na kufungwa juu ya miguu yangu. Nimebakiza dakika za nyongeza, binti yangu. Nikazimalizie koridoni?"

"Damu haitakuponya."

"Nani kakwambia nataka kupona? Nataka kwenda chooni kwa miguu yangu, nisibebwe na mkwe wangu. Huyu hapa, muulize kama anafurahia."

Mkwe akainua macho kwenye dari, akayaacha huko.

"Basi sikiliza," Refa alisema. "Sitoki hapa. Mkimpeleka mahakamani, mimi nitafia kwenye benchi lenu, na maelezo mtaandika wenyewe."

Mwiba alichukua jalada, akashuka ngazi kwenda mahabusu.

Jalada lenyewe lilikuwa jembamba, na wembamba wake ndio uliomkera. Nesi huyo alikuwa wa tiba shufaa, ile huduma ya kumtunza mgonjwa nyumbani wakati ugonjwa hauwezi tena kurudi nyuma. Wiki iliyopita alimtundikia damu mama mmoja mwenye saratani ya titi, kitandani kwake, mchana kweupe. Chupa haijafika nusu, mama akashikwa na maumivu ya mgongo na baridi kali. Nesi akafunga dripu. Hata hivyo mama hakuiona jioni. Mwanawe, mwenye bucha, ndiye aliyepiga kelele hadi polisi. Waliofika kwanza walikuta beseni la maji chini ya kitanda. Mkuu wa kituo alipolisikia hilo beseni alifunga kesi kichwani: nesi aliipasha damu kwa maji moto ikaharibika. Jioni ya leo alitaka jalada liwe mezani kwa mwendesha mashitaka.

Nesi alikuwa mwanamke mfupi wa makamo. Alikaa sakafuni, mgongo umenyooka kama mtu anayesubiri kuitwa kwenye usaili wa kazi.

"Beseni lilikuwa la nini?" Mwiba aliuliza.

"Nilipofika nililikuta."

"Uliipasha damu?"

"Damu haipashwi. Mgonjwa akisikia baridi, unamfunika yeye blanketi. Huifuniki chupa."

"Basi iliharibikaje?"

"Niliyeitundika ni mimi. Andika hivyo."

"Sikukuuliza nani aliitundika."

"Na mimi nimekujibu ninachotaka kukujibu."

Mwiba akachuchumaa, macho yakawa sawa na yake. "Sanduku la damu lilifika kabla yako au baada yako?"

"Kabla. Nilikuwa kwa Refa. Alitapika damu, nisingeweza kumwacha."

"Nani alilipokea?"

Nesi aliangalia kucha zake.

"Dada, unajua mkuu anataka nini? Anataka ukiri kosa, na utie sahihi kwamba damu ya nyumbani ni hatari na huduma hiyo imekwisha. Ukifanya hivyo atakuonea huruma."

Nesi akacheka kwa pua. "Kosa langu ninalo, na nitalisema hata nikiwa nimesimama juu ya meza yake. Lakini kwamba wagonjwa wangu wabebwe kama magunia ya mkaa kwa sababu mimi nimekosea? Hilo halitoki kinywani mwangu hata wanibane na mlango."

"Kosa lako lipi?"

Nesi akageukia ukuta. Mwiba akasimama, akapangusa magoti. Alikuwa amehoji watu wengi waliokataa kosa. Huyu alilikubali, ila akakataa kulitaja. Mtu wa namna hiyo huwa amesimama mlangoni ili wengine wasiingie, na Mwiba alitaka kujua ndani kuna nani.

Maabara ya hospitali ilikuwa chumba kirefu chenye feni inayolalamika. Mtaalamu wa maabara alikuwa na mafua. Alimpokea Mwiba na kitambaa puani.

"Nilikwisha andika ripoti."

"Nimeisoma. Sasa nataka kuona kwa macho."

Akamtolea mirija miwili ya kioo. "Huu ni wa damu nzima iliyotulia. Unaona? Chembe zimekaa chini, na maji yake yako juu, manjano, masafi. Sasa tazama huu, wa yule mama, wa kile kilichobaki kwenye mfuko wa damu, huo mnaouita chupa."

Mrija wa pili ulikuwa mwekundu chini na mwekundu juu, kama juisi.

"Kundi la damu lilikuwa sawa, namba sawa, jina sawa," mtaalamu alisema. "Vijidudu hakuna. Ila chembe zimepasuka. Ukimwingizia mtu hiyo, unamwingizia sumu. Na mgonjwa aliyechoka kiasi kile, figo zake hazisubiri."

"Zinapasuka kwa maji moto?"

"Ndiyo." Akapenga kamasi. "Au kwa barafu. Damu inataka baridi ya wastani. Ukiigandisha, maji yaliyo ndani ya chembe yanageuka vijiwe, vijiwe vinachana. Ikishayeyuka huoni kitu, unaona damu kama damu. Hata mimi ungeniletea mkononi nisingejua."

"Mbona jalada linasema maji moto?"

"Afande, mimi niliandika zimepasuka. Maji moto mmeongeza nyinyi na beseni lenu."

Mwiba aliumeza ukweli huo, ukapita. "Mfuko wenyewe uko wapi?"

Ulikuwa ndani ya mfuko mwingine wa nailoni. Aliugeuza taratibu. Kibandiko cheupe kilikuwa bado kimeshika vizuri kwenye plastiki, isipokuwa pembe moja. Pembe hiyo ilikuwa imenyofoka, na ukingo wake una manyoya kama karatasi iliyovutwa kwa nguvu kutoka kwenye kitu.

"Hii mlichana nyinyi?"

"Sisi tuichane tuipeleke wapi? Ilikuja hivyo."

Bucha lilikuwa nyuma ya soko, na adhuhuri hiyo lilikuwa na wateja watatu. Mwenye bucha alikuwa pande la mtu, mabega yamejaa mlango. Alipomwona Mwiba alipiga shoka kwenye gogo, likasimama lenyewe.

"Mmeshampeleka mahakamani?"

"Bado. Nina maswali."

"Maswali mliuliza siku ile. Mama yangu yuko udongoni, nyinyi mnauliza maswali!" Akawageukia wateja. "Rudini baadaye, jamani. Serikali imekuja kununua maneno."

Wateja wakatoka shingo upande. Mwiba akasubiri wa mwisho avuke kizingiti.

"Lile beseni," alisema. "Siku ile uliulizwa nini kulihusu?"

"Niliulizwa lilikuwepo? Nikasema lilikuwepo."

"Ukaulizwa nani aliliweka?"

"Hapana."

"Nani aliliweka?"

"Mimi."

Alilisema kama mtu anayetaja bei ya maini. Mwiba hakubadilisha sauti. "La nini?"

"La damu. Afande, nitakwambia, maana naona hakuna anayejua nilivyoihangaikia ile damu." Akajifuta mikono kwenye aproni. "Mleta sanduku alifika, nesi hayupo. Jua lile, unalijua. Nikagusa sanduku, likawa linatoa jasho. Nikasema hapa barafu inakufa, na damu ni kama nyama, ikipata joto imekwenda. Mama alikuwa hawezi hata kuinua kichwa. Angekosa chupa ile, nyingine angeipata lini? Basi nikabandua utepe kidogo, nikaitoa, nikaiweka mahali salama."

"Mahali gani?"

"Kwenye friza. Friza yangu haijawahi kuniozea hata ulimi wa mbuzi."

Feni ya bucha ilizunguka. Nzi mmoja alitua kwenye mizani, akaondoka.

"Halafu?"

"Nesi akapiga simu kwamba yuko njiani. Nikaitoa, ilikuwa imekaza kiasi. Nikailaza kwenye beseni, maji ya bomba, siyo ya moto! Ya moto yanaharibu kitu, yanaivisha nje ndani bado jiwe. Hiyo ni kazi yangu, naijua. Ikalegea vizuri, nikaifuta, nikairudisha sandukuni, nikabandika utepe. Niliitunza ile damu kama mboni ya jicho. Kisha yule mwanamke anakuja, anaitundika, mama anakufa. Alifanya nini? Hicho ndicho ninachotaka mumbane aseme!"

"Nionyeshe friza."

Ilikuwa nyumbani, nyuma ya bucha, kwenye varanda. Mwenye bucha alifunua kifuniko. Mwiba aliwasha tochi ya simu, akasogeza mafungu ya nyama moja moja. Kwenye ukuta wa ndani, upande wa kulia, barafu ilikuwa imeota kama ukoko. Akaikwangua kwa ukucha, kisha kwa ufunguo. Chini yake kulikuwa na kipande cha karatasi nyeupe, chenye pembe moja ya mraba na ukingo mmoja wenye manyoya.

Alikitoa kwa kibano, akakitia kwenye bahasha. Halafu akafunga kifuniko cha friza na kusimama mbele ya yule mtu, kwa sababu neno kama lile halisemwi mtu akiwa amekupa mgongo.

"Damu haigandi ikabaki damu," alisema. "Ikiganda inapasuka. Iliyomwingia mama yako ilikuwa imepasuka humu."

Mwenye bucha alimtazama.

"Unanibebesha," alisema.

"Sikubebeshi. Ninakwambia nilichokiona."

"Unanibebesha! Nyinyi na yule mwanamke mmekaa, mmepanga, mkasema tumpe huyu, huyu hakusoma!" Alipiga kifuniko cha friza kwa kiganja hadi friza nzima ikatikisika. "Mimi? Mimi niliyemwosha? Niliyemgeuza kitandani ili asiote vidonda?"

Mwiba hakurudi nyuma. "Wewe huyo. Ulitaka aishi. Nimeliona hilo, na nitaliandika."

Yule mtu alikaa chini kwenye sakafu ya varanda kama nyumba inayokaa baada ya nguzo kutolewa. Aliposema, sauti ilitoka ndogo, haikulingana na mwili.

"Nesi alijua?"

"Nadhani alijua."

"Yuko ndani wiki nzima. Mbona hakunitaja?"

"Kamuulize mwenyewe."

Walipofika kituoni, mkuu wa kituo alikuwa ameshampandisha nesi kaunta. Karatasi moja ilikuwa juu ya meza, kalamu juu yake. Refa alikuwa pale pale kwenye kiti chake, amefunikwa shuka, macho tu ndiyo yaliyobaki na nguvu.

"Tia sahihi hapa, mambo yaishe," mkuu alikuwa anasema. "Huduma ya damu majumbani ni hatari na wewe hutaifanya tena. Hospitali wanataka hivyo, na mimi nataka kulala."

"Nirudishe ndani," nesi alisema.

"Mwanamke, unajua maana ya ndani?"

"Nimelala huko wiki nzima. Nawajua mpaka kunguni kwa majina. Nirudishe."

"Afande," Mwiba alisema, "hakuna maji moto." Akaweka bahasha juu ya ile karatasi, akaeleza kwa maneno machache: friza, beseni, pembe ya kibandiko, chembe zilizopasuka. Mkuu alisikiliza huku uso unabadilika kama mtu aliyevaa kiatu akagundua ni cha mwenzake.

Mwenye bucha alikuwa hamsikilizi yeyote. Alikwenda moja kwa moja mbele ya nesi. Askari wa kaunta akashika rungu.

"Ulijua?"

"Nilijua nilipoona mkojo wake," nesi alisema. "Ulikuwa mweusi kama kahawa. Nikakumbuka utepe."

"Utepe uliuona?"

"Niliuona umebandikwa upya. Hilo ndilo kosa langu, na mkuu anisikie vizuri. Sanduku likifunguliwa na mtu mwingine, damu inarudishwa. Hakuna mjadala. Mimi nilisoma jina, nilisoma namba, nikamtazama mama yako anavyohema, nikatundika. Nilimwonea huruma. Huruma yangu na yako zilikutana kwenye mkono mmoja."

"Kwa nini hukunitaja?"

"Ulifika kutoka buchani ameshakata roho, ukaikumbatia miguu yake unalia. Ningekwambia nini? Ninaweza kukaa mahabusu na nikatoka. Wewe ungeingia kwenye majuto ya kumuua mama yako, usitoke maisha."

"Hukuwa na haki!" Mwenye bucha alipaza sauti, na machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyajali. "Mimi ni mtu mzima! Umenifanya nikutukane mtaani, umenifanya nimtukane mtu asiye na hatia. Kosa langu ni langu. Nipe!"

"Basi chukua," nesi alisema. "Lako chukua. Na langu niachie."

Mkuu alikohoa. "Vizuri. Tunao wawili. Tutawashitaki wote wawili."

"Kwa uzembe, kama mwendesha mashitaka ataona upo," Mwiba alisema. "Uzembe una dhamana. Na dhamana ya huyu ninaisaini mimi, sasa hivi."

"Bila ruhusa yangu?"

"Kesi ni yangu, afande."

"Utalijibu hili."

"Nitalijibu kesho, ofisini kwako, nimesimama."

Mkuu alitazama huku na huku, kama anayetafuta mtu wa kumuunga mkono. Askari wa kaunta alijifanya anatafuta mhuri. "Anahitaji mdhamini," mkuu alisema hatimaye. "Nani atamdhamini?"

"Mimi," Refa alisema kutoka kwenye kiti.

"Mdhamini anatakiwa awe hai siku ya kesi, mzee," askari wa kaunta alisema, kisha akafunika mdomo wake kwa mkono.

Refa alicheka hadi binti yake akamshika mabega. "Huyu kijana anajua sheria! Mpandisheni cheo!"

"Mdhamini ni mimi," alisema mwenye bucha.

Askari wa kaunta akaacha kutafuta mhuri.

"Wewe ndiye mlalamikaji," mkuu alisema.

"Nililalamikia mtu asiyehusika. Leo namdhamini anayehusika kidogo, na mimi ninayehusika zaidi nitakuja siku yoyote mtakayoniita. Nina bucha, nina nyumba, sina pa kukimbilia. Andika."

Mwiba aliandika. Nesi alirudishiwa mkoba wake na viatu. Alivivaa bila kukaa, akaenda kwa Refa, akamshika kifundo cha mkono, akamvuta kope la chini, akaangalia ndani.

"Chupa yako iko wapi?"

"Benki ya damu," binti yake alijibu. "Tangu kisa kile hawampi tena mleta sanduku, wanasema hawaitoi mpaka uende wewe mwenyewe. Tena wanafunga sasa hivi."

"Afande, naomba gari," Mwiba alisema.

"Gari la serikali halibebi damu ya mtu," mkuu alijibu, akaingia ofisini na kufunga mlango.

Nesi hakungoja. Alitoka nje kwenye jua, mkoba begani, akatazama barabara kama anayeipima kwa miguu. Mwiba alimfuata. Nyuma yao walisikia hatua nzito.

"Nina pikapu," mwenye bucha alisema. Hakumtazama nesi. Alitazama kioo cha gari lake. "Ni ya nyama, lakini mbele ni pasafi."

Nesi alifungua mlango, akakaa katikati. Mwiba akakaa dirishani. Mwenye bucha aliingia nyuma ya usukani, akaweka ufunguo, mkono ukabaki pale pale. Mabega yake makubwa yalianza kutikisika.

"Aliumia?" aliuliza.

"Aliumia," nesi alisema. "Nilifunga dripu, nikamchoma sindano ya maumivu, nikamshika. Alikutaja wewe. Alisema usisahau kula."

Mwenye bucha akaegemeza paji la uso kwenye usukani. Mwiba aligeukia dirishani.

Nesi alimwacha alie kiasi. Kisha akamgusa bega, mara moja, kama mtu anayemwamsha mwenzake wa zamu.

"Mengine tutalia jioni, mimi na wewe, nitakuja kwako," alisema. "Sasa hivi kuna mgonjwa anasubiri. Washa gari."